Sauti Tatu Bila Maneno: Sonata za Corelli na Swali la Ala za Muziki katika Ibada

1. Utangulizi

Tunapofundisha historia ya Kanisa ya karne ya 17, kwa kawaida tunawaelekeza wanafunzi wetu kwenye vita, mikataba na vitabu vya mafundisho. Tunasoma habari za Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), za wanateolojia walioyalinda maungamo ya Kilutheri, na za mwanzo wa uamsho wa Wapietisti. Muziki hutajwa mwishoni, kama pambo tu. Lakini katika karne ile wapo wachungaji walioshindana juu ya muziki kwa bidii kubwa, maana waliona kwamba swali lililokuwa mbele yao halikuwa la ladha bali la teolojia: je, sauti isiyobeba neno lolote ina haki ya kusikika mahali ambapo Mungu husema na watu wake kwa njia ya Neno?

Makala hii inalifuata swali hilo kwa kutazama aina moja ya muziki, yaani sonata ya sauti tatu, iliyoandikwa kwa ajili ya violini mbili, ala ya besi na kinanda. Kwa neno "kinanda" nina maana ya kinanda cha mabomba, kile kinachopulizwa kwa upepo wa viriba na kujengwa ndani ya kanisa. Nitaanza Roma, ambako Arcangelo Corelli aliipa sonata hiyo umbo lililoigwa kote Ulaya, kisha nitavuka mpaka wa maungamo hadi Ujerumani ya Kilutheri. Nia yangu ni kuonyesha kwamba historia hii haiungi mkono jibu rahisi la upande wowote. Haiwapi haki wale wasemao kwamba ala bila maneno ni ubatili, wala wale wasemao kwamba muziki mzuri hauhitaji kuulizwa unafanya nini kanisani.

2. Roma, mwaka 1681

Corelli alizaliwa mwaka 1653 katika mji mdogo wa Fusignano, kaskazini mwa Italia. Alijifunza violini huko Bologna, na kufikia mwaka 1675 alikuwa tayari akipiga violini katika makanisa ya Roma. Mwaka 1681 alichapisha kitabu chake cha kwanza, chenye sonata 12. Katika jina la kitabu alitaja ala zinazohitajika: violini mbili, violone (ala kubwa ya nyuzi yenye sauti ya chini) au aina ya gambusi kubwa yenye shingo ndefu, pamoja na besi kwa ajili ya kinanda. Sonata nyingine 12 za namna hiyo hiyo zilifuata mwaka 1689. Katikati na baadaye, mwaka 1685 na 1694, alitoa vitabu viwili vya sonata za sebuleni, ambamo majina ya ngoma za wakati ule yameandikwa waziwazi. Kwa hiyo jumla ya sonata zake za sauti tatu ni 48, na nusu yake zimeandikiwa besi ya kinanda.

Kitabu cha kwanza kiliwekwa wakfu kwa heshima ya Malkia Christina wa Sweden, aliyekuwa akiishi Roma. Msomaji Mlutheri hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Christina alikuwa binti wa Mfalme Gustav Adolf, yule aliyevuka bahari na jeshi lake kuwasaidia Waprotestanti wa Ujerumani, akafa vitani Lützen mwaka 1632. Wakati huo binti yake alikuwa mtoto wa miaka mitano. Mwaka 1654 alijiuzulu kiti cha enzi, na mwaka uliofuata, mjini Innsbruck, alipokewa hadharani katika Kanisa Katoliki. Miezi michache haikupita kabla hajaingia Roma kwa shangwe kuu. Alikaa Roma sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki, akiwafadhili wataalamu wa elimu, waandishi na wanamuziki, hata akafa mwaka 1689 na kuzikwa katika Kanisa la Mtakatifu Petro.

Basi kitabu kilichokuja kuwa kielelezo cha sonata ya kanisa kilibeba, katika kurasa zake za mwanzo, jina la mtu ambaye kuondoka kwake kulikuwa pigo kwa Walutheri na fahari kwa Roma. Kama muziki ungehukumiwa kwa asili yake peke yake, sonata hizi zisingevuka milima ya Alpi kwenda kaskazini. Lakini zilivuka, na kuchapishwa tena na tena katika miji ya Kiprotestanti kama Amsterdam na London.

3. Muundo wa sonata na kazi ya kinanda

Jina "sauti tatu" huwapotosha wengi. Kwanza, wapigaji si watatu bali kwa kawaida ni wanne. Sauti tatu ndizo zilizoandikwa: violini ya kwanza, violini ya pili, na besi. Mpiga kinanda husoma besi ile ile, lakini juu ya noti zake zimeandikwa tarakimu, na kwa kuzifuata tarakimu hizo yeye hujaza sauti za katikati papo hapo. Kazi yake haikuandikwa yote. Asiyejua kanuni za mwafaka wa sauti hawezi kuipiga, na ajuaye anapaswa kujizuia asije akawafunika wengine.

Pili, hatuna sababu ya kusema kwamba hesabu ya tatu ilikusudiwa kuwa mfano wa Utatu Mtakatifu. Fundisho la Utatu halihitaji msaada wa namna hiyo, nayo historia haitutendei wema tunapoilazimisha iseme tunayopenda kusikia.

Kilicho muhimu zaidi ni uhusiano wa violini zile mbili. Hakuna bwana wala mtumwa kati yao. Mara ya kwanza iko juu, mara ya pili huipita. Mara nyingi moja hushikilia noti yake huku nyingine ikisogea, hata sauti mbili zinagongana na kumchoma msikilizaji. Kisha ile iliyoshikilia hushuka hatua moja na utulivu hurudi. Corelli alijenga kurasa nzima kwa mgongano na utulivu wa namna hiyo. Sehemu za sonata hupishana: sonata ya kwanza ya kitabu cha mwaka 1681 huanza polepole kwa uzito, ikafuata sehemu ya haraka, kisha ya polepole, kisha ya haraka tena. Katika sehemu za haraka, hasa ile inayofuata mwanzo, violini moja hutangulia na wazo fupi, nyingine hulipokea, na hatimaye besi nayo hulirudia, kama watu wanaojadili jambo moja bila kukatizana.

Yafaa pia tukumbuke kwamba mpaka kati ya sonata ya kanisa na ile ya sebuleni haukuwa ukuta. Mtunzi alikuwa yule yule, na wapigaji mara nyingi walikuwa wale wale. Sehemu ya mwisho ya sonata kadhaa za kanisa ina mwendo wa ngoma iliyo wazi kwa kila mwenye sikio, ingawa jina la ngoma halikuandikwa. Corelli mwenyewe hakuviita vitabu vyake vya mwaka 1681 na 1689 "sonata za kanisa". Aliandika tu "sonata za sauti tatu", na besi ya kinanda ndiyo iliyowaonyesha watu mahali pake. Kwa hiyo anayetafuta utakatifu ndani ya noti zenyewe hataupata. Hana budi kuuliza muziki ule uliwekwa wapi na kwa kazi gani.

4. Mahali pa sonata katika Misa ya Kirumi

Roma yenyewe ilikuwa imeliuliza swali hilo. Mtaguso wa Trento, katika kikao cha mwaka 1562, uliagiza kwamba muziki wenye uchafu au mchezo wa kidunia, uwe wa kinanda au wa kuimba, uondolewe makanisani. Kitabu cha taratibu za maaskofu kilichotolewa na Papa Clement VIII mwaka 1600 kilieleza ni lini kinanda kinaweza kupigwa, na kikaruhusu kipigwe kwa sauti nzito na tamu wakati wa kuinuliwa kwa Sakramenti. Kikaongeza sharti ambalo sisi Walutheri tungepaswa kulijua: pale kinanda kinapochukua nafasi ya maneno yaliyopaswa kuimbwa, mtu mmoja wa kwaya ayatamke maneno hayo kwa sauti inayoeleweka. Mwaka 1657 Papa Alexander VII alitoa tena amri ya kuuchunga muziki wa makanisa ya Roma.

Kwa hiyo si kweli kwamba Roma haikujali Neno huku Wittenberg ikilijali peke yake. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Katika Misa ya wakati ule padri aliendelea kusoma maneno yake kwa sauti ya chini kwa Kilatini, na muziki wa ala ulijaza nafasi iliyo juu ya maneno hayo: baada ya somo, wakati wa matoleo, wakati wa kuinuliwa kwa Sakramenti, na wakati wa komunyo. Matendo yalikamilika hata kama waumini hawakusikia neno. Hapo sonata ilikuwa pazia zuri mbele ya tendo takatifu. Je, Kanisa lililofundisha kwamba imani huja kwa kusikia lingeweza kuipokea sonata hiyo bila kulipokea pazia?

5. Walutheri na sauti isiyo na maneno

Katika karne ya 16 majibu ya Waprotestanti yalitofautiana. Huko Zürich, chini ya uongozi wa Zwingli, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki hodari, vinanda vilinyamazishwa, na mwaka 1527 kinanda cha kanisa kuu la mji kilivunjwa. Luther alikwenda njia nyingine. Katika dibaji ya kitabu cha nyimbo cha mwaka 1524 alieleza kwamba hakubaliani na wale wanaodhani Injili inakuja kuziua sanaa, bali angependa kuziona zote, hasa muziki, zikimtumikia yeye aliyeziumba. Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1538 kwa ajili ya mchapishaji Georg Rhau, alianza mbali zaidi: hakuna kiumbe kisicho na mlio wake, hata hewa isiyoonekana hutoa sauti inapopigwa. Baada ya Neno la Mungu, alisema, muziki ndio unaostahili sifa ya juu.

Tuone vizuri mantiki ya Luther. Kwanza, muziki ni wa makala ya kwanza ya Imani: ni kipawa cha Muumba, na kwa hiyo ni mwema hata kabla ya kutiwa maneno. Pili, mwanadamu amepewa zaidi ya ndege, kwa sababu yeye anaweza kuunganisha sauti na neno ili amsifu Mungu. Hoja ya kwanza inaufungua mlango kwa sonata. Hoja ya pili inamweka bawabu mlangoni.

Wafuasi wake waliendelea katika njia hiyo. Mwaka 1586, katika majadiliano ya Montbéliard, Jakob Andreae kwa upande wa Walutheri na Theodore Beza kwa upande wa Geneva walijadili pia sanamu na vinanda makanisani. Kwa Walutheri jambo hilo lilihesabiwa kati ya yale yasiyoamriwa wala kukatazwa na Mungu, ambayo Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577 iliyaeleza katika makala yake ya kumi. Lakini jambo lisiloamriwa wala kukatazwa si jambo lisilohitaji busara.

6. Pingamizi la Grossgebauer

Katika karne ya 17 muziki wa Italia ulipozidi kuenea, pingamizi lilitoka ndani ya Kanisa la Kilutheri lenyewe. Mwaka 1661 Theophilus Grossgebauer, mhubiri wa mji wa Rostock, alichapisha kitabu kilichojiita sauti ya mlinzi kutoka Sayuni iliyoharibiwa. Alilalamika kwamba waimbaji na wapiga ala wamepanda juu kwenye roshani za makanisa, wengi wao wakiwa watu wasio na roho ya ibada, nao usharika umekaa chini ukisikiliza usiyoyaelewa. Alimwita Mtume Paulo kuwa shahidi: katika 1 Wakorintho 14 kinachotakiwa ni kujenga, na asiyeelewa hawezi kuitikia Amina. Tena aliona wazi kwamba mtindo huo umetoka Italia.

Mchungaji Hector Mithobius alimjibu mwaka 1665 kwa kitabu kizima cha kuutetea muziki wa kanisa, akitumia hasa zaburi, ambamo vinanda, vinubi na matoazi vinaitwa vimsifu Bwana. Ubishi haukuisha. Mwaka 1690 Christian Gerber, mchungaji wa Saksonia mwenye mwelekeo wa Kipietisti, aliuhesabu muziki wa anasa kanisani kati ya dhambi ambazo ulimwengu hauzitambui, naye Georg Motz, mwanamuziki wa Tilsit, akamjibu mwaka 1703.

Wanahistoria wa muziki wamezoea kumwona Grossgebauer kama adui wa sanaa. Nadhani si haki. Lalamiko lake halikuwa kwamba muziki ni mbaya, bali kwamba watu wa Mungu wamenyang'anywa sauti yao. Matengenezo yalikuwa yamewarudishia waumini wimbo kwa lugha yao wenyewe. Sasa, kwa jina la uzuri, walikuwa wakifanywa tena watazamaji. Hoja hiyo haijibiwi kwa kuhesabu ala zilizotajwa katika Zaburi ya 150. Inajibiwa tu na usharika ambao bado unaimba.

7. Lübeck, Arnstadt na Leipzig

Jibu la vitendo lilipatikana polepole katika makanisa ya miji. Dieterich Buxtehude alikuwa mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Maria, Lübeck, tangu mwaka 1668 hadi kufa kwake mwaka 1707. Yeye naye alitunga sonata za sauti tatu. Vitabu viwili vilivyochapishwa katika miaka ya 1690, kila kimoja chenye sonata saba, vina violini moja, viola da gamba na kinanda kidogo cha nyuzi, yaani ala zilizofaa nyumbani. Lakini neno "sonata" linaonekana pia ndani ya kazi zake za kanisa: mara nyingi ala za nyuzi pamoja na kinanda hutangulia peke yake, ndipo waimbaji wanaingia na maneno ya Biblia au ubeti wa wimbo wa kanisa. Hapo sonata si pazia tena, bali ni mlango. Inakusanya mioyo ya watu, kisha inalipisha Neno.

Mwaka 1705 kijana mmoja, mpiga kinanda wa Arnstadt, alikwenda kwa miguu hadi Lübeck, mwendo wa kilomita zipatazo 400, ili amsikilize Buxtehude. Huyo alikuwa Johann Sebastian Bach. Alipewa ruhusa ya majuma manne, akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, mwezi Februari 1706, wakuu wa kanisa walimhoji si juu ya kuchelewa tu, bali pia kwamba alikuwa akichanganya sauti ngeni nyingi katika kuisindikiza zaburi na tenzi, hata usharika ukachanganyikiwa. Tukisoma habari hii kwa kumcheka mzee wa kanisa aliyemlalamikia Bach, tumekosa maana yake. Lalamiko lilikuwa lile lile la Rostock: usharika umeshindwa kuimba.

Bach alijifunza pia kutoka kwa Corelli. Aliyachukua mawazo ya sehemu ya pili ya sonata ya nne katika kitabu cha mwaka 1689, akayatungia fuga ya kinanda peke yake, ndefu kuliko chanzo chake na yenye sauti nne. Muziki wa Roma ukawa kazi ya mpiga kinanda Mlutheri. Baadaye, Leipzig, karibu na mwaka 1730, aliandika sonata sita ambamo mtu mmoja hupiga sauti zote tatu: mkono wa kulia violini ya kwanza, wa kushoto violini ya pili, miguu besi. Zilitumika kumfundisha mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann.

Je, huko Leipzig muziki bila maneno ulikuwa na nafasi gani? Bach ametuachia, kwa mkono wake, maelezo mafupi ya utaratibu wa ibada ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wakati wa Meza ya Bwana, baada ya utangulizi wa kinanda na muziki mkuu, kinanda na nyimbo za waumini vilipokezana hadi wote walipokwisha kushiriki. Tunaona hapa kinanda na usharika vikipeana nafasi, kama violini mbili za Corelli, mmoja akinyamaza ili mwingine asikike.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba sonata ya sauti tatu ilizaliwa katika ibada ambayo Walutheri waliikataa, ikawekwa chini ya jina la malkia aliyewaacha, na hata hivyo ikapata kazi halali katika makanisa yao. Haikupata kazi hiyo kwa kubadilishwa noti zake. Iliipata kwa kubadilishwa mahali: ikatangulia Neno badala ya kulifunika, ikapokezana na wimbo wa waumini badala ya kuumeza.

Swali hili halikubaki Ulaya. Wamisionari wa Kijerumani walikuja na desturi ya kupiga tarumbeta kanisani, na hadi leo sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania zina vikundi vya matarumbeta. Zaidi ya hayo tunazo ngoma, tunazo gitaa, tunavyo vinanda vya umeme vyenye vipaza sauti. Katika mabaraza ya wazee bado ala huhukumiwa kwa asili yake: hii ya kizungu, ile ya kipagani, nyingine ya vilabuni. Historia ya Corelli inatushauri tuache kuanzia hapo. Tuulize kwanza: ala hii inapopigwa, Neno linasikika zaidi au linafunikwa? Na inaponyamaza, je, usharika unajua kuimba?

Swali la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo aliloliacha Grossgebauer kwa kila mchungaji. Kipaza sauti kinaweza kuwanyamazisha waumini kwa urahisi kuliko roshani yoyote ya Rostock. Mchungaji na mwalimu wa kwaya wakikaa pamoja kabla ya Jumapili na kupanga wapi ala zitangulie, wapi zisindikize, na wapi zinyamaze kabisa ili sauti za watu zisikike peke yake, watakuwa wameanza kulijibu.